Siagi Iliyovuka Bahari: Habari ya Vitamini A na Macho ya Watoto

Njaa ni ya namna mbili. Iko njaa yenye kelele, na hiyo kila mtu huisikia: tumbo huuma, mtoto hulia, na mzazi hutoka kwenda kutafuta. Tena iko njaa iliyo kimya. Mwenye njaa hii hula akashiba, akacheza, akalala, wala hapana amjuaye kuwa ni mwenye njaa, hata jioni moja mtoto akajikwaa penye kizingiti alichokivuka asubuhi bila ya taabu. Insha hii yahusu njaa hiyo ya pili, na hasa ile iitwayo upungufu wa vitamini A. Kusudi lake ni kusimulia jinsi ilivyotambuliwa, na kutoa katika masimulizi hayo fundisho moja ambalo lilionekana mapema, kisha likasahauliwa: kwamba chakula akikosacho mtoto si lazima kiwe kimekosekana katika nchi yake. Aghalabu kimo, ila hupita mbele yake kikienda kwa mwingine.

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Jicho huihitaji vitamini A kwa kazi mbili. Nyuma ya jicho, utando upokeao nuru hutumia vitamini hiyo kufanyiza rangi imwezeshayo mtu kuona katika mwanga hafifu. Ikipungua, jua likichwa mtoto hupapasa kama kipofu. Mbele ya jicho, utando wa nje huihitaji ili ukae na unyevu. Ikikosekana, weupe wa jicho hupoteza mng'ao, mabaka mfano wa povu hutokea, na mwishowe kioo kinachofunika mboni hulainika na kuharibika, pengine kwa siku chache tu. Jicho lililofika hapo halirudi. Mtu mzima aliyekula vyema huwa na akiba ya miezi mingi katika ini lake. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo, naye hukua upesi, na kukua ni kutumia. Tena homa, kuhara na surua humpokonya kile kidogo alicho nacho. Kwa hiyo upungufu huu, ambao waweza kumpata mtu yeyote, huwaelemea hasa watoto walioachishwa ziwa na ambao hawajaingia umri wa shule.

Dawa ilijulikana zamani kuliko sababu. Waganga wa Misri ya kale waliandika habari ya ini la ng'ombe kwa ajili ya macho, na Wayunani waliagiza ini liliwe pamoja na asali. Hawakukosea, maana ini ndilo ghala la vitamini A katika mwili wa mnyama. Ila hawakuweza kueleza kwa nini. Mwaka 1816 Mfaransa François Magendie aliwalisha mbwa sukari na maji peke yake; mbwa wakakonda, macho yao yakaingia vidonda, wakafa. Mwaka 1904 daktari wa Kijapani, Masamichi Mori, alieleza habari za watoto zaidi ya 1,000 wa nchi yake waliopatwa na ukavu wa macho. Chakula chao kilikuwa nafaka na mboga, naye aliwaponya kwa mafuta ya ini la samaki. Mori alidhani kuwa watoto wale walikosa mafuta tu, mafuta ya namna yoyote. Dhana hiyo ilikuwa karibu na kweli, lakini haikuwa kweli yenyewe.

Wakati huo wataalamu wengi walikihesabu chakula kama kuni za mwilini. Waliamini kwamba mwili wataka vitu vya kujengea nyama, na mafuta, na wanga, na chumvi, na maji, basi. Na ya kwamba ubora wa chakula hupimwa kwa joto linalotoka kikiungua. Mwaka 1912 Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge alionyesha kuwa panya wachanga waliolishwa vitu hivyo vikiwa safi kabisa hawakukua, lakini walipoongezewa maziwa kidogo sana, walikua. Mwaka huo huo Casimir Funk, mzaliwa wa Warsaw aliyefanya kazi London, alivibunia vitu hivyo visivyoonekana jina ambalo sasa ni neno la dunia nzima: vitamini. Na mwaka 1913, katika chuo kikuu cha Wisconsin huko Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis walitangaza jambo geni zaidi. Panya waliopewa mafuta ya nguruwe au ya zeituni waliacha kukua baada ya muda. Waliopewa mafuta yaliyotolewa katika siagi au katika kiini cha yai waliendelea. Thomas Osborne na Lafayette Mendel wa New Haven waliona vivyo hivyo mwaka ule ule. Kazi kubwa ya kuwalea panya wa Wisconsin ilifanywa na Bibi Davis, ambaye kwa miaka ya mwanzo hakulipwa mshahara wowote. Maana ya kazi yake ni kwamba mafuta ya namna mbili yaweza kufanana kwa joto na kwa ulaini, na ya namna moja yakamkuza kiumbe, na ya namna ya pili yasimkuze.

Tofauti hiyo ya mafuta na mafuta, iliyoandikwa kwa panya wa Wisconsin, wakati ule ule ilikuwa ikijiandika kwa watoto wa Denmark. Denmark ni nchi ndogo ya Ulaya ya kaskazini, na tangu miaka ya 1880 sehemu kubwa ya utajiri wake ilitokana na maziwa. Mashine ya kutenga malai na maziwa ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa, na mwaka 1882 wakulima wa kijiji cha Hjedding walianzisha kiwanda cha kwanza cha ushirika cha maziwa nchini humo. Mfano wao ukafuatwa kote. Mkulima alipeleka maziwa yake kiwandani asubuhi. Malai yakafanywa siagi, siagi ikapakiwa melini, nyingi yake kwenda Uingereza, na maziwa yaliyoenguliwa yakarudi shambani kunenepesha nguruwe. Ushirika huo umesifiwa ulimwenguni, na sifa zake ni za haki, kwa kuwa uliwainua wakulima wadogo waliokuwa dhaifu wakiwa mmoja mmoja.

Lakini neema hiyo ilikuwa na upande wa pili. Siagi ilipata bei nzuri ng'ambo hata ikawa ghali kwa maskini wa nchi iliyoifanya. Kibarua wa shambani na mfanyakazi wa mjini wakanunua majarini, yaani mafuta yaliyotengenezwa yafanane na siagi, ambayo siku zile hayakuwa na vitamini A ya kufaa. Na watoto wao wakanywa maziwa yaliyoenguliwa. Waswahili husema, mfinyanzi hulia gaeni. Katika methali hiyo mfinyanzi ni mtu mzima, aliyechagua kazi yake na kuijua faida yake. Gae la Denmark alipewa mtoto asiyechagua kitu.

Carl Edvard Bloch, daktari wa watoto wa Copenhagen, ndiye aliyeyafuatia matokeo. Aliletewa watoto, wengi wao kutoka mashamba, waliokonda na kuacha kukua, ambao macho yao yalikauka. Baadhi yao wakapofuka, na baadhi wakafa. Alipouliza habari ya chakula, alikuta majibu yakirudiana: uji, mkate, majarini, maziwa yaliyoenguliwa. Tena aliona kuwa kila mwaka wagonjwa walizidi katika majira ya kuchipua, akafahamu sababu: hayo ndiyo majira watoto wakuapo kwa haraka zaidi, na akuaye haraka huimaliza akiba yake mapema. Katika nyumba moja ya kulelea watoto aliukuta ugonjwa umeingia upande mmoja na kuuacha upande wa pili. Watoto wa pande zote mbili walilala chini ya paa moja na kuvuta hewa moja. Ila wale wazima walipewa maziwa kamili, na wale wagonjwa hawakupewa. Walipopewa mafuta ya ini la samaki, wakapona.

Kisha vita vikafanya jambo ambalo hapana daktari angaliruhusiwa kulifanya. Denmark haikupigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Iliendelea kuuza siagi yake nje, bei ikapanda, na wagonjwa wa macho wakazidi. Mwaka 1917 Ujerumani ilianza kuzamisha meli za mataifa yote bila ya kuchagua. Mafuta ya kufanyia majarini hayakuweza tena kuingia nchini, wala siagi haikuweza kutoka kama zamani. Mwishoni mwa mwaka huo serikali iliamuru siagi igawanywe kwa kadi, gramu 250 kwa kila mtu kwa kila wiki. Mwaka 1918 ukavu wa macho ukatoweka kwa watoto wa Denmark. Haikugunduliwa dawa mpya, wala maziwa hayakuongezeka. Bali yalipungua, kwa kuwa lishe ya ng'ombe nayo ilizuiwa baharini. Kilichobadilika ni njia ya siagi. Vita vilipokwisha, mgao ukaondolewa, meli zikaanza safari zake, na ugonjwa ukaonekana tena.

Habari hii yastahili kutazamwa sana, maana ni nadra historia kutupa ushahidi ulio wazi hivi. Nchi iliyowalisha siagi watu wa ng'ambo ilikuwa na watoto waliopofuka kwa kukosa siagi, nayo iliwaponya katika mwaka wa dhiki, si katika mwaka wa neema. Atakayesema kwamba mama wa Kidenmark alikuwa mjinga wa mambo ya chakula hatakuwa amejibu kitu. Mama yule hakuhitaji kuambiwa kuwa siagi ni njema. Aliijua kwa harufu yake kila siku, na kwa bei yake kila alipofika dukani. Ujinga ulikuwepo, lakini ulikuwa wa watu wote, wasomi kwa wasiosoma: ulikuwa ujinga wa kudhani kuwa majarini na siagi ni kitu kimoja, na ya kwamba kinachobaki baada ya kuuza chatosha kumkuza mtoto.

Baada ya hapo elimu ilikwenda mbele kwa hatua ndefu. Mwaka 1930 Thomas Moore wa Cambridge alithibitisha kwamba mwili waweza kuigeuza rangi ya manjano iliyomo katika karoti na majani mabichi, iitwayo karotini, ikawa vitamini A. Mwaka uliofuata Paul Karrer wa Zürich alieleza umbo la vitamini hiyo. Na mwaka 1932 daktari J. B. Ellison wa London alitangaza habari ya watoto 600 wenye surua. Watoto 300 walipewa mafuta ya samaki yenye vitamini A nyingi pamoja na matibabu ya kawaida, na 300 walipewa matibabu ya kawaida peke yake. Katika kundi la kwanza walikufa 11. Katika la pili walikufa 26. Ilionekana, basi, kuwa vitamini A haikulinda macho tu. Ilikuwa mlinzi wa utando wote wa ndani ya mwili, wa mapafu na wa matumbo, ambao ndio mlango wa maradhi.

Ajabu ni kwamba jambo hilo lilisahauliwa kwa karibu miaka 50. Zilikuja dawa mpya za kuua vijidudu, na macho ya madaktari yakageukia huko. Katika nchi tajiri majarini ilitiwa vitamini, watoto wakanywa maziwa, na ukavu wa macho ukawa ugonjwa wa vitabuni. Katika nchi nyingine uliendelea, lakini ukahesabiwa kuwa ni shauri la madaktari wa macho peke yao. Aliyelifufua alikuwa daktari wa macho. Alfred Sommer, Mmarekani, alifanya kazi Indonesia katika miaka ya 1970. Watu wa huko huuita upofu wa usiku buta ayam, yaani upofu wa kuku, kwa kuwa kuku haoni giza likiingia. Akina mama waliujua, wakautaja kwa jina, kabla ya mtaalamu yeyote kufika na taa yake. Sommer alipozihesabu daftari zake, aliona kuwa watoto wenye upofu wa usiku, hata wale ambao macho yao hayakuwa na kovu wala kidonda, walikufa kwa wingi kupita wenzao. Alitangaza hayo mwaka 1983. Kisha yeye na wenzake wakafanya jaribio katika vijiji 450 vya Aceh, kwa watoto wapatao 25,000: katika nusu ya vijiji watoto walipewa kidonge cha vitamini A mara mbili kwa mwaka. Matokeo yalichapwa mwaka 1986. Vifo vilipungua kwa asilimia 34.

Wengi hawakuamini. Walisema haiwezekani kidonge cha senti chache kifanye kazi ambayo hospitali hazikuiweza. Na hapa Afrika ya Mashariki yaingia katika masimulizi. Mvumi ni hospitali ya mashambani karibu na Dodoma, nchini Tanzania. Huko madaktari waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 92 walitibiwa kwa desturi, na 12 kati yao wakafa. 88 waliongezewa vitamini A, na waliokufa walikuwa 6. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1987, ikapatana na ile ya Ellison iliyotangulia kwa miaka 55. Mwaka huo huo shirika la afya la dunia na shirika la watoto la Umoja wa Mataifa yalishauri kwamba, palipo na upungufu, mtoto mwenye surua apewe vitamini A. Tangu hapo kidonge kimeenea katika nchi nyingi, za kwetu zikiwemo: vipimo 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa aliyetimiza mwaka mpaka kufikia miaka 5, kila baada ya miezi kama 6.

Msomi hapaswi kukificha kitu kinachopunguza nguvu ya hoja. Majaribio yaliyofuata yalithibitisha faida, lakini si yote kwa kiasi kimoja; na jaribio kubwa kuliko yote, lililofanywa Bara Hindi kwa watoto wapatao milioni 1 na kuchapwa mwaka 2013, lilionyesha faida ndogo sana. Wataalamu wamebishana juu ya sababu. Yaweza kuwa chanjo ya surua na mabadiliko ya maisha vimeuondolea upungufu ukali wake mahali pengine. Yaweza kuwa kuna sababu nyingine. Hata hivyo mabishano hayo ni juu ya kidonge, si juu ya chakula. Hapana aliyewahi kuonyesha kuwa mtoto aweza kukua na kuona bila ya vitamini A.

Basi na turudi kwenye chakula. Kwetu hapana upungufu wa vitu vyenye karotini. Mchicha, matembele, kisamvu, maembe yaliyoiva, mapapai na maboga humea mpaka uani. Kigoma ina mawese mekundu, ambayo ni miongoni mwa vyakula vyenye karotini nyingi kabisa duniani. Wenye ng'ombe wana maziwa, wenye kuku wana mayai, na walio karibu na maziwa makuu wana dagaa, ambao huliwa pamoja na maini yao. Ni kweli kuwa majani hayatoi vitamini kwa wepesi kama ilivyodhaniwa: mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walikadiria kuwa zahitajika sehemu 12 za karotini ya chakula kupata sehemu 1 ya vitamini A, maradufu ya kadirio la zamani. Tena karotini huhitaji mafuta ili ipenye katika matumbo. Mboga iliyochemshwa kwa chumvi tu humfaa mtoto kidogo. Hilo ni jambo la kufundishwa, na hufundishika.

Lakini iko sehemu isiyotibika kwa mafundisho ya jikoni. Mtoto aachishwaye ziwa hupewa uji wa mahindi meupe au wa muhogo, chakula chenye wanga tele na karotini haba mno. Mahindi ya manjano yanayo karotini, lakini watu wengi wamezoea kuyaona kuwa ni chakula cha mifugo au cha miaka ya njaa, na unga mweupe umekuwa dalili ya heshima. Mayai huuzwa ili kipatikane chumvi, sabuni na daftari la shule. Maziwa ya asubuhi huchukuliwa mjini. Samaki aliye mnono hupelekwa sokoni, na mwenye nyumba hutangulia kupata kinono cha kile kilichobaki. Tukiyatazama hayo tukitoka katika habari ya Denmark, twaitambua njia ile ile ya siagi, ingawa hapa haivuki bahari. Pengine haivuki hata barabara.

Juhudi zilizofanywa kuigeuza njia hiyo ni za kusifiwa. Mwaka 1973 Tanzania iliunda taasisi ya taifa ya chakula na lishe. Mwaka 2011 iliweka kanuni za kuongeza virutubishi katika vyakula vya viwandani, mafuta ya kupikia yakitiwa vitamini A. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa watu wanne waliopata tuzo ya chakula ya dunia, yeye na wenzake wawili kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vyenye karotini nyingi. Viazi hivyo vina sifa moja inayostahili kutajwa katika insha hii: mtoto huvipenda kwa utamu wake, na aweza kuvila siku ile ile vinapochimbwa, kabla ya mfanyabiashara kufika na gunia.

Tumezoea kuipima lishe ya nchi kwa magunia yaliyovunwa, kwa lita zilizokamuliwa na kwa fedha zilizoletwa na biashara ya nje. Kwa vipimo hivyo Denmark ya mwaka 1916 ilikuwa nchi iliyoshiba, na watoto wake walikuwa wakipofuka. Kipimo cha haki ni kirefu zaidi, maana chataka mtu akifuate chakula tangu shambani, apite nacho sokoni, aingie nacho jikoni, na asisimame mpaka afike penye sahani ya mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Hapo ndipo aulize kilichosalia.